Mrejesho: masta ya uchumi, niende Dar au nibaki Mbeya?

Wakuu, niliuliza kama niache kazi hapa Mbeya nikasome masta ya uchumi UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Nimefika Mlimani, kampasi yao kuu. Mliosema nianze kuwauliza wanafunzi kabla ya kwenda ofisi za chuo, Mungu awabariki. Dada mmoja wa mwaka wa pili alinifungulia daftari la ekonometriki (somo la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu): matriki, yaani majedwali ya namba, kurasa kwa kurasa, maneno machache tu. "Kaka, kalkulasi unaikumbuka?" Nikacheka tu.

Kilichonivuta zaidi ni ushirika wa chuo na AERC ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika, ambayo tangu miaka ya 1990 imekuwa ikiwakutanisha wanafunzi wa masta wa nchi mbalimbali kwenye kozi za kuchagua.

Kodi ya chumba Dar inauma. Mchele angalau nitabeba wa Kyela. Naenda, nasubiri ruhusa ya mwajiri.