Nimekwama mlimani na mama mkwe garini, kumbe fundi kaninyofolea propela ya mbele!!

Dereva wa Mtambile

Assalaam alaykum. Nina hasira hapa hata chai haishuki. Fundi simtaji jina, mnamjua. Ndiye yule wa chini ya mwembe, ukimpigia simu "nishafika" na yeye yumo kitandani, ukenda kwake anakutangulizia kikombe cha kahawa mpaka usahau ulichofuata. Nusu ya gari za Pemba zimeacha bolti kwake.

Gari yangu ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Fowili ya muda wote. Haina kuchagua, magurudumu manne yanavuta siku zote, na ndani ya transfa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma kwa vyuma virefu viwili tunavyoviita propela, mna difu ya kati ili ukikata kona mbele na nyuma zisigombane. Nilimpelekea kwa kelele tu, krr krr upande wa mbele. Nikamwambia nitazamie beringi. BERINGI. Siku tatu kaniweka. Kanirejeshea, kelele hamna, nikamlipa na dua nikamuombea. Swichi ya kufunga difu ya kati kaibandika utepe mweusi. Namuuliza, ananambia, "Hiyo usiiguse, yakhe, iache ilivyo." Nikadhani ndio ufundi.

Leo asubuhi nimekwenda shamba kumchukua mama mkwe, anawahi boti Mkoani, mjukuu wake anaolewa Unguja. Mvua ya vuli imepiga usiku kucha. Mnaujua ule mlima wa udongo mwekundu kabla hujatokea lami ya Mtambile? Gari hii imeupanda mlima ule miaka tisa, na magunia ya karafuu mbichi, na wachumaji juu ya magunia. Leo imefika nusu ikaanza kurudi kinyumenyume, mama mkwe tasbihi mkononi. Nikaitia gia nzito, wapi! Magurudumu ya mbele yametulia kama yamealikwa, ya nyuma yanachimba kisima. Nikasema labda balaa ni ule utepe. Nikaubandua, loki nikaitoa, gia nikairudisha nyepesi. Hapo ndipo roho iliponitoka. Injini inanguruma, klachi nimeiachia, na gari haisogei hata upana wa ukucha!

Kapita kijana na gari ya ng'ombe, kainama kutazama chini. Kainuka pole pole, ananambia, "Mjomba, propela ya mbele umeiacha wapi?"

Nikampigia fundi. Mikono yote tope, nikabonyeza spika. Mama mkwe yupo ubavuni mwangu, anasikia kila neno. Fundi anacheka! Anasema, "Fowili ya nini, yakhe, kwani unakwenda vitani? Nimekugeuzia tuwili, utanishukuru kwenye mafuta."

Kwani unakwenda vitani. Mbele ya mama mkwe!

Mama mkwe kashuka. Kavua viatu, kakunja buibui, kaingia topeni mpaka miundi. Toka nioe, miaka kumi na moja, mguu wa mama mkwe wangu sijauona. Leo nimeuona kwa sababu ya fundi. Ng'ombe mmoja ndiye aliyetutoa. Tumefika bandarini boti tunaiona mgongo. Kwani unakwenda vitani? Nilikuwa nakwenda Mkoani, bwana! Na mzee wa watu!

Nataka propela yangu leo kabla ya magharibi.

Kikonyo

Ng'ombe miguu yake minne yote inavuta, na hajapelekwa kwa fundi. Hiyo ndiyo fowili ya muda wote.

Bi Chake

Pole sana kaka. Mama mkwe alisema nini?

Dereva wa Mtambile

Hajasema neno, na ndilo linaloniua. Kutoka bandarini mpaka nyumbani kimya, anapangusa miguu kwa kanga aliyoiweka ya harusi. Bora angenitukana. Nikifumba macho nasikia "kwani unakwenda vitani" kwa sauti ya yule mtu, na mama anatazama dirishani.

Mzee wa Tibirinzi

Wanangu, kugeuza gari ya namna hiyo iwe ya kuchagua kupo, na kuna vifaa vyake. Difu ya kati inatolewa kwenye transfa, pahala pake panatiwa spuli, kipande kizima kisichogawa. Magurudumu ya mbele yanavishwa habu za kufunga kwa mkono. Kwenye lami unazifungua, ukifika topeni unashuka unazifunga. Propela inabaki pale pale ilipozaliwa.

Huyo hakugeuza kitu. Katoa propela, kaifunga difu kwa swichi, basi. Ndiyo maana ulipoitoa loki gari ikakataa. Difu ikiwa wazi, mzunguko unakimbilia kwenye upande usio na kizuizi, na upande wako wa mbele ulikuwa tundu tupu. Na kelele imekwisha kwa sababu kinacholia hakizungushwi tena na injini. Hakutengeneza, kanyamazisha.

Na hata ukigeuza kwa njia ya haki, ukishafunga habu na kutia fowili usitembee hivyo kwenye lami kavu. Kwenye kona mbele na nyuma hazendi mwendo mmoja, na aliyekuwa akizipatanisha umeshamtoa. Usukani unakuwa mzito, tairi zinasagika, mtambo unajikaza mpaka kitu kivunjike. Kwenye tuwili nako ekseli ya nyuma inabeba kazi yote peke yake. Mafuta utakayookoa ni kidogo mno. Kwa milima yetu hii mimi singegusa.

Dereva wa Mtambile

Mzee wangu, ahsante, Mungu akuzidishie. Lakini mie sikutaka kugeuza! Nilitaka beringi! Angeniuliza tu, "yakhe, niitoe?" Maneno mawili. Mama mkwe asingeshuka.

Landi Mia na Kumi

Toyota hizo. Land Rover One Ten imetoka na fowili ya muda wote toka 1983, Range Rover toka 1970. Hatujasikia hata siku moja mkwe wa mtu kashuka topeni.

Kikonyo

Atashukaje na gari yenyewe haijawaka?

Landi Mia na Kumi

Imewaka leo asubuhi.

Kikonyo

Kwa kusukumwa na nani?

Landi Mia na Kumi

Hayo hayahusiani.

Utumbi wa Mkoani

Mie nilikuwepo bandarini leo. Nimemuona dereva kasimama na sanduku kichwani anaipungia boti mkono. Nikasema huyu ana mgonjwa.

Dereva wa Mtambile

Sikuwa naipungia! Nilikuwa naiita!

Pweza Mkavu

Samahani kuingilia. Hiyo propela ina mstari wa rangi nyekundu? Mie nimeuziwa moja Jumatano, ya 80, kwa bei ya karanga. Chini ya mwembe.

Dereva wa Mtambile

NDIYO! Niliupaka mkono wangu mwenyewe! Uko wapi ndugu yangu? Usiifunge!

Pweza Mkavu

Nishaifunga. Inakwenda vizuri, hailii.

Dereva wa Mtambile

Ni yangu hiyo.

Pweza Mkavu

Mie nimelipa pesa taslimu. Zungumza na fundi wako. Na gari yangu ilikuwa haina ya mbele toka mwezi uliopita, nilipompelekea yeye breki.

Bi Chake

Lahaula! Kwa hiyo na yako iko kwa mtu mwengine?

Pweza Mkavu

Ndio nafikiria sasa hivi.

Mzee wa Tibirinzi

Basi kila mwenye 80 akainame chini ya gari yake kabla hajalala.

Kikonyo

Nimekwenda kutazama. Yangu ipo. Halafu nikakumbuka nina Vespa.

Wa Konde

Yeye huyo huyo! Mie nilipeleka shokapu mbili za nyuma, kanirejeshea moja imefungwa, nyengine kaiweka kwenye buti imefungwa gazeti. Namuuliza, ananambia "hiyo ya akiba". Gari inakwenda inachechemea kutoka Konde mpaka Wete, watoto wanatukimbilia nyuma wanacheka.

Dereva wa Mtambile

Sasa wewe umekubali akiba, na mimi je? Mimi kaniambia naenda vitani! Nimekwenda kwake saa hizi, mwembe upo, kahawa ipo, mwenyewe hayupo. Simu yake inaita mpaka inakata.

Bi Chake

Mafundi wote tumbo moja, kaka. Wangu ni wa cherehani. Simtaji, mnamjua. Nimempa kitambaa mita nne toka Shaaban, aliniahidi kabla ya Idi. Idi zimepita zote mbili. Juzi namuona mwanawe anakwenda madrasa, gauni lile lile, maua yale yale! Nikamshika mtoto nikamuuliza nani kakushonea. Ananambia "baba, kitambaa kilibaki". Kilibaki! Langu mie halijaanzwa!

Wa Konde

Yule mwenye vyerehani viwili, kimoja hakina sindano?

Bi Chake

Ndiye!

Utumbi wa Mkoani

A'udhubillah. Ana kanzu yangu toka Maulidi.

Dereva wa Mtambile

Jamani, propela. Magharibi inaingia.

Landi Mia na Kumi

Na mie ana suruali yangu huyo. Alinipima mara tatu, kila mara kiuno kinatoka vyengine.

Bi Chake

Wewe wa kanzu, alikuonesha hata iliyokatwa?

Utumbi wa Mkoani

Alinionesha. Mkono mmoja.

Bi Chake

Mrefu?

Utumbi wa Mkoani

Mpaka kwenye kiwiko.