Aliyekodi shamba letu kapanda bangi na kukimbia, mzee wetu ndiye kakamatwa

Wakuu, hili nimelikalia wiki tatu. Leo nalitoa maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Kwetu ni Morogoro Vijijini, juu kabisa milimani Uluguru. Wanaopajua wanaelewa kwamba ardhi ya kule ni ya ukoo, na ukoo wa Mluguru ni wa mama. Baba hamwachii mwanae shamba. Shamba ni la lukolo, yaani ukoo huo wa mama, na anayelisimamia ni mjomba. Mjomba wetu ana miaka 71, ndiye ameshika ardhi ya bibi zetu wote. Kuna kipande cha kama ekari tatu, saa mbili kwa miguu kutoka nyumbani, jirani na msitu. Vijana tumetawanyika, mimi mwenyewe nipo Dar, na magoti ya wazee hayawezi tena kuupanda ule mlima kila siku. Novemba akaja mtu mstaarabu, ana pikipiki mpya, anataka kukodi msimu mmoja alime mahindi na nyanya. Akatoa laki tatu taslimu. Ikaandikwa karatasi ya daftari, balozi wa nyumba kumi akatia sahihi, yakaisha.

Jamaa akaleta vijana watatu wasiojulikana kijijini. Wakajenga kibanda hukohuko shambani. Kila mtu wa kwetu akitaka kukatiza anaambiwa arudi, wamepulizia dawa ya wadudu, ni sumu. Nani angebisha? Nyanya zinapuliziwa kweli.

Februari maji ya kijito yakapungua ghafla. Kinamama wa kitongoji cha chini wakaanza kuchota kwa kikombe, ndoo moja nusu saa. Mama yangu mdogo hakuvumilia, akapanda kufuata maji yalipokatikia. Akakuta wamezuia chemchemi kwa mawe na viroba vya mchanga, wametandika mipira, maji yote yanaingia shambani. Na ndani ya mahindi, katikati ya mistari, bangi. Ukisimama pembeni huoni kitu, mahindi yameifunika. Mpaka uingie.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hawa walikuwa juu ya chanzo chenyewe. Nyie wa Dar mnaodhani hayawahusu, maji mengi ya mabomba yenu yanatoka mto Ruvu, na Ruvu ni vijito vya Uluguru hivihivi, kikiwemo hiki kilichozibwa kwa viroba.

Sasa nisomeni vizuri hapa, maana ndipo hasira yangu ilipo. Mama mdogo alishuka akamwambia mjomba. Mjomba kesho yake asubuhi akavaa koti, akachukua fimbo, akaenda mwenyewe kwa kiongozi wa kijiji kutoa taarifa. Hakutumwa wala hakushurutishwa. Akaambiwa, "Mzee nimekusikia, nenda kapumzike, tutalifuatilia." Hakuna kilichoandikwa. Hakuna aliyepanda kuangalia. Akarudi tena wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile.

Operesheni ya kufyeka bangi ilipokuja Machi, kibanda kilikuwa tupu. Wale vijana waliondoka siku mbili kabla, na miche iliyokuwa imekomaa walishaivuna usiku. Mjue basi kwamba kuna mtu aliwatonya. Waliofika walifyeka kila kilichosimama. Bangi sawa, ifyekwe, ichomwe, mimi mwenyewe ningeshika panga. Lakini walivuka mpaka wakafyeka na mahindi ya mama mdogo yaliyokwisha kubeba, mihogo yake, na migomba iliyopandwa na bibi kabla sijazaliwa. Alikuwa analia anawaonyesha mpaka ulipo, hakuna aliyemsikiliza. Kisha wakauliza shamba la nani. Mjomba akasema ukweli, ni la ukoo na yeye ndiye msimamizi. Wakamfunga pingu.

Amelala mahabusu siku tano. Mzee ana presha. Tumemtoa kwa wadhamini wawili, na kila Jumatatu anashuka mlima kwenda kuripoti, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi tunachangishana. Kiongozi tuliyempelekea taarifa mara mbili anasema hakumbuki. Hakumbuki! Mtu mzima amekuja ofisini kwako na fimbo yake akikuomba msaada, huyo humkumbuki?

Nimeisoma Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Haimgusi aliyepanda peke yake. Mwenye shamba au anayelisimamia, akiruhusu litumike kulima bangi, naye ni mkosaji, na kifungo kinafika miaka 30. Neno lililopo ni kuruhusu. Mzee aliyekwenda mara mbili kwa miguu yake kutoa taarifa, karuhusu nini? Na miaka 30 kwa mtu wa miaka 71 ni nini kama si kumzika hai?

Iwe Uluguru, Kisimiri Juu kule Arumeru au Tarime, picha ni zilezile. Moshi, mafungu ya bangi iliyofyekwa, na wanakijiji wamechuchumaa chini. Mnunuzi mwenye gari simwoni kwenye picha hizo. Aliyetoa mtaji wa mbegu, mipira na posho za vijana simwoni. Anayeonekana ni yule asiyeweza kukimbia, kwa sababu ardhi haikimbii naye ndiye yuko juu yake.

Kabla hamjaniletea hoja ya kuhalalisha kilimo cha bangi, Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikapitisha sheria yake 2020. Nendeni mkaulize nani kashika hizo leseni. Ni makampuni yenye mitaji. Mkulima wa mlimani na jembe lake yuko palepale alipokuwa.

Mimi nataka vitu vya kawaida kabisa. Anayekodi shamba kijijini aandikwe kwenye kitabu cha kijiji kwa namba ya kitambulisho na picha, siyo kwa jina la kujitungia. Namba ya simu aliyotupa huyu haipatikani, na jina lililo kwenye karatasi huko alikodai ametoka hawalijui. Mtu akitoa taarifa ya bangi apewe karatasi yenye muhuri na tarehe papo hapo. Na kabla ya kufyeka, mpaka uonyeshwe na mwenye shamba akiwepo.

Kesi inatajwa tena mwisho wa mwezi. Wanasheria mliomo humu, naomba mnijibu kwa utulivu: ile karatasi ya daftari yenye sahihi ya balozi ina nguvu gani mahakamani? Na balozi akikataa kuja kutoa ushahidi, maana tangu Machi ananikwepa, kuna namna ya kumwita?