Muziki wa zamani ulikuwa bora kweli, au ni sisi tuliokuwa na miaka 14?

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila zinapopigwa zilipendwa hakosekani mtu wa kutikisa kichwa na kusema, "Huu ndio ulikuwa muziki. Siku hizi ni kelele tupu." Waliomzunguka, kama ni rika lake, wanaitikia. Na mimi nimo kwenye rika la kuitikia. Lakini naona tunajidanganya, na leo naomba tubishane kwa hoja.

Msimamo wangu ni huu: mapenzi yetu kwa muziki wa ujana ni ya kweli, hayafutiki, wala hakuna sababu ya kuyaonea haya. Ila si ushahidi kwamba muziki ule ulikuwa bora. Tunachokisifia ni umri tuliokuwa nao ulipotukuta.

Mwaka 2018 Seth Stephens-Davidowitz, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, aliandika katika gazeti la New York Times alichokiona baada ya kuchambua takwimu za wasikilizaji wa Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni. Alichukua nyimbo zilizowahi kuvuma, akatazama kila moja inasikilizwa zaidi na waliozaliwa mwaka gani. Wanaume, kwa wastani, wameganda kwenye nyimbo zilizotoka wakiwa na miaka 14. Wanawake, 13. Kwa hiyo aliyezaliwa 1970 anaapa kwamba kilele cha muziki kilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na aliyezaliwa 1985 anaapa kilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Haiwezekani wote wakawa sahihi, na hakuna hata mmoja anayejishuku.

Kwa nini umri ule? Sehemu ya jibu iko kwenye ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapiga watu picha za ubongo wakisikiliza muziki unaowasisimua. Waliona dopamini, kemikali ya raha, ikimwagika mara mbili: pale mtu anapongojea ile sehemu tamu, na pale inapofika. Sasa jiulize, wimbo usioujua utaungojeaje? Wa zamani tunajua hadi mwimbaji anavuta pumzi wapi. Wimbo mpya unaingia mashindanoni ukiwa umeshaachwa nyuma. Ongeza kwamba ule ndio umri wa kupenda mara ya kwanza, kukataliwa mara ya kwanza na kutoka bila ruhusa mara ya kwanza, na wimbo ulikuwepo mahali pote hapo. Wanasaikolojia wanajua siku nyingi kwamba mtu mzima akiombwa akumbuke maisha yake, kumbukumbu za kati ya miaka 10 na 30 hivi ndizo zinazojaa.

Halafu kuna chekeche la muda. Tunalinganisha nyimbo ishirini zilizobaki za zama zetu na kila kinachotoka wiki hii. Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani, na kila mpenda muziki wa zamani anautaja kwa unyenyekevu. Wimbo ulioongoza orodha ya mwaka mzima ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo zinazovuma, ni wa nani? The Archies. Bendi ya katuni, jamani. Hilo halikumbukwi kwa sababu halifai kwenye hadithi.

Na malalamiko yenyewe hayana upya. Plato alionya kuhusu mitindo mipya ya muziki karne ya nne kabla ya Kristo. Januari 1957 televisheni ya Marekani ilimwonyesha Elvis Presley kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa kuogopa viuno vyake. Waliokuwa na miaka 14 usiku ule ndio wazazi waliokuja kusema rap si muziki.

Haya, nani ananipinga?

Mchangiaji 1

Mimi, na sihitaji takwimu. Washa redio dakika kumi tu, utanyamaza mwenyewe.

Mchangiaji 2

Dakika kumi za redio ya mwaka wowote zinatosha kumkatisha mtu tamaa, mkuu. Umesahau tu.

Fundi mitambo

Mwanzisha mada, umezungumza vizuri kuhusu masikio yetu. Ila umeruka kilichomo ndani ya wimbo wenyewe, na kazi yangu ya studio ni huko ndani.

Mwaka 2012 watafiti wa Barcelona wakiongozwa na Joan Serrà walichambua kwa kompyuta rekodi 464,411 za kuanzia 1955 hadi 2010. Walikuta mambo matatu: noti zinapokezana kwa njia chache kuliko zamani, rangi za sauti za vyombo zinazidi kufanana, na rekodi zinazidi kupiga kwa nguvu. Hapo hakuna ujana wa mtu. Kompyuta haijawahi kubalehe.

Hilo la nguvu ndilo ninaloliona kila siku. Msanii anakuja na sharti moja: wimbo wake usisikike mdogo ukifuata wa mwenzake. Namna ya kufanya hivyo ni kuubana. Sehemu za chini unazipandisha, za juu unazikata, mpaka mnong'ono na ukelele vinakaribia kulingana. Ukiusikiliza mara moja unasisimka. Ukisikiliza albamu nzima, kichwa kinachoka na hujui kwa nini. Zamani bendi ilikaa chumba kimoja, mpiga ngoma akamtazama mpiga besi usoni, mwendo ukaongezeka kidogo kwenye kiitikio kwa sababu watu wamepata moto. Leo kila kitu kimefungwa kwenye gridi ya kompyuta na wahusika pengine hawajaonana. Mtu anaposema "kuna kitu kimepotea", usimwambie anaota ujana wake. Pengine sikio lake limeona kitu na mdomo umekosa jina la kukiita.

Mwanzisha mada

Fundi, hoja nzito hiyo, lakini soma na utafiti uliofuata. Mwaka 2015 Matthias Mauch na wenzake wa London walichambua nyimbo kama 17,000 za chati ya Billboard Hot 100, 1960 hadi 2010. Hawakuona mteremko wa moja kwa moja. Waliona mageuzi makubwa matatu, 1964, 1983 na 1991, na la 1991, pale rap iliposhika chati, lilikuwa kubwa kuliko yote. Kipindi ambacho nyimbo zilifanana kupita kiasi kilikuwa katikati ya miaka ya themanini, kisha utofauti ukarudi. Miaka ya themanini, ndugu zangu! Ile ambayo nusu ya waliomo humu wanaiita zama za dhahabu.

Kuhusu kubana, majukwaa ya kusikilizia mtandaoni siku hizi yanasawazisha sauti yenyewe, kwa hiyo aliyebana kupita kiasi hapati faida aliyoitaka. Na usiniambie habari za mashine kuimba badala ya watu. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, iliingia sokoni mwaka 1997, mwimbaji Cher akavuma nayo duniani kote mwaka uliofuata, na wakosoaji wakalia. Waliokuwa na miaka 14 wakati ule leo wanaicheza sauti ile ile kama zilipendwa, tena kwa macho yaliyofumbwa.

Fundi mitambo

Utafiti wa Mauch ninaujua. Walitumia vipande vya sekunde 30 kwa kila wimbo. Wimbo wa dakika sita unaogeuka mara tatu katikati utaujua kwa sekunde 30? Na swali la rangi za sauti hujaligusa.

Binti wa 2003

Shikamooni. Naomba kuingia hapa maana mnatuzungumzia bila sisi.

Mwanzisha mada, nadharia yako ina shimo. Mimi nimezaliwa 2003, na nusu ya ninavyosikiliza vimetoka kabla sijazaliwa. Ninasifia umri wangu upi? Mwaka 2022 wimbo wa Kate Bush uliotoka 1985 ulishika namba moja Uingereza baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni. Walioupandisha si wazee peke yao, ni sisi, na wengi tulikuwa hatumjui kabisa yule mama.

Mwanzisha mada

Marahaba, mwanangu. Hilo halivunji hoja, linaipanua. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwasikilizisha vijana wa miaka 20 hivi nyimbo za miongo zaidi ya mitano. Kumbukumbu na hisia zao zilipanda kwenye nyimbo za utoto wao, kama ilivyotarajiwa, lakini zikapanda tena kwenye nyimbo za ujana wa wazazi wao, na hata za miaka ya sitini, pengine kwa mkono wa mabibi na mababu. Umezikuta nyumbani, mama anafagia na anaimba. Kabla hujajua kuchagua ulikuwa umeshachaguliwa. Na zile ambazo hukuzikuta nyumbani zimekufikia zikiwa zimeshapita kwenye lile chekeche. Hakuna anayekuletea takataka za 1985.

Binti wa 2003

Mama yangu hakuwahi kumsikiliza Kate Bush. Alikuwa mtu wa kwaya tu. Na hilo chekeche lako likipitisha nyimbo miaka 37, si ndiyo maana ya ubora? Huwezi kusema muda unachuja vizuri halafu ukakataa kwamba kilichobaki ni kizuri.

Mchangiaji 1

Binti kaua. Mzee leo utalala na viatu.

Mwanzisha mada

Silali. Kilichobaki ni kizuri, sijawahi kukataa. Ninachokataa ni kuchukua mazuri ya miaka arobaini na kuyashindanisha na ya Jumanne iliyopita ambayo bado hayajachujwa na yeyote. Hata hivyo kinachobaki hakibaki kwa uzuri peke yake. Kingine kinabaki kwa sababu kilikuwa na kampuni nyuma yake, na leo bado inayo.

Mlezi wa wazee

Nimesoma wote, na naona mnabishania kitu ambacho kazini kwangu hakina maana. Ninahudumia wazee waliopoteza kumbukumbu. Kuna ambao hawawajui watoto wao tena. Ukiwawekea wimbo wa ujana wao, beti zinatoka zote, na mguu unagonga sakafu kwa mpigo wake. Watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba sehemu za ubongo zinazohifadhi muziki tuliouzoea siku nyingi ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer unachelewa kuziharibu.

Kwa hiyo kwangu swali la wimbo upi ni bora halipo. Familia zikiniletea mtu, nauliza alikuwa anasikiliza nini alipokuwa kijana, na mara nyingi watoto hawajui. Wanajua dawa zake zote, nyimbo hawazijui. Wakati mwingine naanza kukisia kwa mwaka wa kuzaliwa, najaribu hiki na kile mpaka jicho lifunguke. Kuna mzee tuliyemkisia kwa nyimbo za dansi wiki nzima, kumbe kijana yule alikuwa mtu wa nyimbo za mapenzi za kulia.

Mchangiaji 2

Naandika zangu leo hii. Mke wangu asije akaniwekea kwaya yake.

Msanii chipukizi

Mnasema mapenzi haya hayana madhara. Kwetu yana bei. Marekani, kuanzia mwaka 2021 hivi, kama asilimia 70 ya muziki unaosikilizwa ni ule ambao sekta yenyewe inauita wa zamani. Matajiri wameliona hilo. Mwanamuziki Bob Dylan aliuza haki za nyimbo zake kwa kampuni ya Universal mwaka 2020, Bruce Springsteen akawauzia Sony zake mwaka uliofuata. Fedha inayoweza kukuza wasanii chipukizi mia inakwenda kununua nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Na aliyezinunua atahakikisha zinapigwa: kwenye tangazo, kwenye filamu, kwenye orodha ya nyimbo inayofunguka yenyewe. Mnadhani mnakumbuka kwa hiari. Mnakumbushwa.

Fundi mitambo

Mdogo wangu, takwimu hiyo ishike kwa uangalifu. Kwa hesabu zao "wa zamani" ni wimbo wowote uliopita miezi 18. Wako wa mwaka juzi nao umo.

Msanii chipukizi

Wangu wa mwaka juzi haumo popote, kaka, ndiyo shida yangu.

Binti wa 2003

Naomba niulize jambo ambalo hamjaligusa. Ninyi mnakumbuka pamoja kwa sababu mlisikia pamoja. Redio ilikuwa moja sebuleni, asiyependa alisikia na anayependa alisikia. Sisi nyumbani tuko wanne, kila mtu na vipokea sauti vyake, kila mtu na nyimbo alizopangiwa na simu. Mdogo wangu ana miaka 14, umri wenu ule. Wimbo anaoupenda kuliko yote duniani mimi siujui, na rafiki zake wawili niliowauliza hawaujui. Atakapofika miaka hamsini na kusema "huu ndio ulikuwa muziki", nani atamwitikia?

Mwanzisha mada

Hilo sikulifikiria kwa upande huo, na linanigusa pabaya, kwa sababu nusu ya raha ya zilipendwa ni yule wa meza ya pili anayedakia ubeti kabla yako. Lakini rafiki wawili ni sampuli ndogo, mwanangu. Nyimbo zinazoenea kwa video fupi wanazijua wote, hata kama ni sekunde kumi na tano za kiitikio.

Fundi mitambo

Sekunde kumi na tano. Mauch angalau aliwapa thelathini.

Mchangiaji 1

Jamani nimejaribu ile dakika kumi ya redio niliyoisema mwenyewe. Wimbo wa tatu ulikuwa mzuri. Mwenye kujua jina anitajie, mwanamke anaimba, besi nzito, mwisho wanapiga makofi.