Kukata video ya maulidi bila ya kuenkodi upya: faili la GB 50 linatoka GB 12 na picha imefifia

kijana_wa_wete

Asalaam aleikum. Nina faili moja la maulidi ya homu, saa 2 na dakika 10, kamera ya Sony, full HD fremu 25. Faili lina kama GB 50. Mteja yuko Unguja, anataka video nzima kama ilivyo, ila niondoe dakika nne za mwanzo (watu bado wanatandika mikeka) na zile za mwisho. Hataki majina, muziki wala rangi. Nikirenda (kutoa video upya) kwenye programu ya kuhariri inachukua karibu saa sita, halafu linatoka faili la GB 12 na picha si ile. Ukili wa mkeka umekuwa tope, na viua vya kofia za safu ya mbele havihesabiki tena. Nitajuaje faili langu lina nini ndani, na nitalikataje bila ya kurenda? Kazi inaondoka na boti ya asubuhi keshokutwa.

fundi_vikokotoni

Wa aleikum salaam. Anza kwa kulisoma faili kabla ya kuligusa. Properties ya Windows itakupa urefu, ukubwa na bitireti ya jumla (data kwa kila sekunde), lakini haikwambii kodeki (njia iliyotumika kuibana video) wala kama fremu zinakwenda sawasawa. Pakua MediaInfo, ni ya bure, kisha chagua View halafu Tree. Tazama mistari hii: Format ya video, Bit rate, Frame rate mode, Chroma subsampling, Bit depth, na Format ya sauti. Kwa kamera yako nategemea uone AVC, yaani H.264, kama Mbps 50, Constant, 4:2:0, biti 8, na sauti PCM (isiyobanwa) 48 kHz. Ikiandika HEVC (yaani H.265) au Variable, rudi hapa kabla hujaendelea.

Hesabu yenyewe inasema kila kitu. Mbps 50 ni MB 375 kwa dakika, mara 130 ni karibu GB 49, na PCM inaongeza GB 1 na nusu. Faili lako la GB 12 kwa muda ule ule ni kama Mbps 12. Robo tatu ya data imetupwa, na inayotupwa kwanza ni nakshi ndogo ndogo: ukili, viua, nyuzi za kanzu. Maulidi ya homu ni kazi ngumu kwa enkoda (kinachoibana video), safu nzima ya watu inayumba kwa pamoja na hakuna kona ya picha iliyotulia. Mbps 12 hazitoshi pale.

Ukiweka faili kwenye Shotcut au Kdenlive ukakata na kutoa, programu inafungua kila fremu na kuifunga upya hata kama hukugusa rangi. Hazina njia nyengine. DaVinci Resolve ina kisanduku cha "Bypass re-encode when possible" kwenye ukurasa wa Deliver, lakini lazima kodeki, ukubwa na idadi ya fremu vilingane na chanzo, na pasiwe na athari hata moja. Premiere ina smart rendering, ila imekusudiwa kodeki za aina ya ProRes na DNxHD, si H.264 ya kamera ya harusi. Kwa kazi yako acha programu za kuhariri, tumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri.

Sasa jambo linalowaponza wengi. H.264 haihifadhi kila fremu nzima. Inaweka fremu mama moja kamili, kisha zinazofuata zinaandika mabadiliko tu. Bila ya kuenkodi, mkato unaanza kwenye fremu mama, si popote utakapo. MediaInfo mara nyengine inaonesha "GOP: M=3, N=12"; hiyo N ndiyo idadi: fremu mama moja kila fremu 12, yaani sekunde 0.48 kwa fremu 25. Kuzipata zenyewe tumia ffprobe, inakuja pamoja na ffmpeg (weka jina la faili lako pahala pa C0012.MP4):

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 C0012.MP4 > mama.txt`

Fungua mama.txt, tafuta karibu na dakika ya 4 na sekunde 10, yaani sekunde 250. Tuseme unaona 249.60, 250.08, 250.56. Chukua 250.08, kisha:

`ffmpeg -ss 250.08 -i C0012.MP4 -t 02:01:00 -map 0:v -map 0:a -c copy maulidi.mov`

Nimeandika .mov makusudi. Sauti yako ni PCM, na ffmpeg za zamani zinakataa PCM ndani ya MP4. MOV inaipokea bila ya tabu. Kontena ni mkoba tu, video ndani ni ile ile. Na usiandike `-map 0` peke yake: Sony huweka mkondo wa tatu wa data za kamera, na ffmpeg husimama hapo na kosa la "Could not find tag for codec none".

Kazi itakwenda kwa kasi ya diski, dakika kadhaa badala ya saa sita. Faili litoke karibu GB 47. Likitoka dogo sana kuliko hapo, ujue umesahau `-c copy`, ndiyo inayonakili bila ya kuenkodi.

ukhti_mkunazini

Niongeze moja kwa kaka hapo juu. Ile `-ss` ibaki kabla ya `-i`. Ukiiweka baada ya `-i` pamoja na copy, sauti inaanza pale ulipotaja na picha inasubiri fremu mama inayofuata, kwa hiyo mwanzo unasikia qaswida juu ya skrini nyeusi. Na hata ukiiweka kabla, usikisie muda. Ukitaja sekunde isiyo na fremu mama, ffmpeg inarudi nyuma hadi fremu mama iliyopita na kuandika maelekezo ndani ya faili ya kuificha ile ziada. VLC inayafuata, lakini baadhi ya TV zikisoma flashi haziyafuati, sauti na picha zinaachana.

Kwa asiyependa kuandika amri, LosslessCut ni ffmpeg ile ile yenye vitufe. Ina kitufe cha kuruka hadi fremu mama iliyo karibu. Weka mwanzo hapo, chagua mov, zima mkondo wa data kwenye Tracks, toa.

kijana_wa_wete

Ahsanteni sana. N=12 kweli, na 250.08 imo kwenye orodha. Limetoka GB 47. Mawili yamebaki: sauti iko chini kidogo, na mteja ana klipu ya simu ya dakika tatu anataka niiunge mwisho.

fundi_vikokotoni

Sauti ni rahisi, unaibadilisha peke yake na video haiguswi:

`ffmpeg -i maulidi.mov -c:v copy -af volume=6dB -c:a pcm_s16le maulidi2.mov`

Kabla ya hapo endesha `ffmpeg -i maulidi.mov -af volumedetect -vn -f null -` usome max_volume, yaani kilele cha sauti. Ikiwa ni -4 dB, ukiongeza 6 sauti itakwaruza. Ongeza 3.

ukhti_mkunazini

Klipu ya simu usiiunge, yakhe. Kuunga bila ya kuenkodi kunataka kodeki, ukubwa, fremu na mpangilio wa sauti vilingane. Simu nyingi zinatoa HEVC au H.264 yenye fremu zinazobadilika karibu na 30, na sauti AAC (iliyobanwa). Ukilazimisha, picha inavunjika vipande vya kijani pale kwenye kiungo. Hata ukiienkodi klipu ile peke yake ifanane, vichwa vya mkondo (maelezo ya mwanzo ya video) vyaweza kutofautiana na TV ikagoma. Mpe kama faili la pili, 1_maulidi na 2_simu. Atatazama vizuri zaidi.

Na flashi: ikiwa imefomatiwa FAT32 haitokubali faili lililozidi GB 4. Ifomati exFAT, ila muulize kwanza TV yake inasoma exFAT, za zamani hazisomi. Ikiwa haisomi, mpelekee diski ya NTFS achomeke kwenye laptopu.

fundi_vikokotoni

Na faili la kamera lisifutwe kwenye kadi mpaka mteja aseme amefungua na kutazama dakika kumi za mwanzo na kumi za mwisho.