Datsun 240Z ya marehemu baba: niweke plagi namba 6 au namba 8?

mwana_wa_rau: Wakubwa shikamooni, wengine habari. Nimekwama. Baba alituachia Datsun 240Z ya 1972, injini L24, silinda sita, kabureta mbili. Linamisi, yaani moto unakatakata, na likiwa sailensa (limesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta) linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Niweke plagi za NGK namba 6 au 8? Jumamosi linampeleka dada kanisani.

fundi_majengo: Pole kwa msiba. Zilizomo ni namba ngapi, na ukizichomoa zina rangi gani?

mwana_wa_rau: Mkuu, nataka tu kujua 6 au 8.

mzee_kibosho: Hilo gari! 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo mbio za magari za East African Safari, 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta. Nilikuwa mtoto, tumejipanga kando ya barabara, vumbi mpaka kwenye meno. Kijana, usije ukaliuza.

mama_neema: Mwanangu, kodi gari la harusi. Langu mimi lilizimika njiani, nikaingia kanisani miguu ina tope. Miaka 19 sasa, wifi zangu bado wananikumbusha.

fundi_majengo: Rangi, kijana.

mwana_wa_rau: Sawa. Zilizomo ni namba 8, nimefunga Jumapili. Zina masizi makavu meusi. Muuzaji kasema namba kubwa ndiyo yenye cheche kali, hata magari ya mashindano yanafunga hizo. Nimeshalipa na hazirudishwi, ndiyo maana nauliza kama zinaweza kuzoea.

fundi_majengo: Plagi haizoei. Namba haihusiani na ukali wa cheche, ni jinsi plagi inavyopoteza joto. Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Namba 8 ni ya injini inayokimbizwa muda wote. Kwa mizunguko ya mjini haipati moto wa kuunguza masizi yake, kwa hiyo inajaa na gari linamisi. Yako ni BP6ES. Hiyo E ni urefu wa meno, ile sehemu ya kufungia, milimita 19. Ukiletewa H ni fupi, ikatae. Kama bado unatumia pointi (swichi ya zamani ya cheche ndani ya distribyuta), pima nafasi ya cheche kwa fila, kile kibati cha kupimia, milimita 0.8 hadi 0.9. Ila plagi za siku tatu hazitetemeshi gari hivyo. Kuna kitu hujasema.

dereva_wa_tanga: Mimi nasema hii ni chai. Mwenye 240Z ana fundi wake, haji kuuliza plagi huku. Picha iko wapi? Namba ya chasisi inaanzaje?

mwana_wa_rau: HS30, usukani kulia. Sitanii na gari la baba yangu. Basi niseme yote. Plagi ya silinda ya sita, ile ya nyuma kabisa, iligoma kuingia. Nikavalisha bomba kwenye spana nikaisukuma. Tangu hapo panapuliza chwi chwi chwi. Lakini ilikaza!

dereva_wa_tanga: Niwie radhi ndugu yangu. Hilo mtu hatungi.

fundi_majengo: Usiliwashe tena. Hiyo hedi, sehemu ya juu ya injini inapofungwa plagi, ni alumini, plagi imeingia kombo na kukata meno. Plagi huanzwa kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana, nusu mzunguko hivi. Sasa hedi ishuke, fundi wa mashine aweke bushi ya meno, yaani kipete chenye meno mapya. Asitoboe ikiwa juu ya injini, vipande vitadondokea ndani ya silinda.

mwana_wa_rau: Hedi ishuke? Na Jumamosi? Si niizibe kwa gundi ya chuma kwa siku moja tu?

mama_neema: Dada yako anataka kufika. Hajali anafika na nini.

mwana_wa_rau: Nimeifungua sasa hivi. Imetoka na uzi mwembamba wa alumini umejiviringisha kwenye meno yake, unang'aa kama waya mpya. Nimekaa nao mkononi. Mama Neema, gari la harusi Moshi linakodishwa shilingi ngapi?