Kapeti ya gari inanuka: nipeleke kwa waosha magari, nifue mwenyewe au nitafute nyingine?

Kijana wa Isyesye
Habari za jioni wakuu. Nimechukua gari mkononi kwa mtu, injini safi, bodi haina neno, shida ni kapeti. Chafu, halafu ukifunga vioo harufu inakupiga. Nimeambiwa njia tatu, kupeleka kwa waosha magari wafanye usafi wa ndani, kuitoa nifue mwenyewe, au kutafuta kapeti ya gari lililokatwa. Ipi inafaa kwa hapa Mbeya? Nina safari ya Songea karibuni.

Spana14
Gari gani mkuu? Harufu ya nini, ukungu, sigara, mafuta? Kapeti imelowa au kavu? Bila hayo utapewa ushauri wa kila aina na hakuna utakaokusaidia.

Mama Pacha Iringa
Kamwene. Usihangaike mwanangu, omo, maji ya uvuguvugu na brashi, unasugua unaanika. Raum yangu naifua hivyo kila kiangazi.

Fundi Siti Mwanjelwa
Mama kwa heshima zote, hiyo omo ndiyo inaharibu. Sabuni ya unga ikibaki kwenye nyuzi inanata, vumbi linashika upya ndani ya muda mfupi. Weka shampoo ya kapeti kidogo, sugua, suuza, nyonya maji kwa mashine. Na jiki asiguse, inatoa rangi mabaka mabaka.

Mama Pacha Iringa
Haibaki ukisuuza mpaka maji yatoke meupe. Watu hawasuuzi.

Dereva wa Mbalizi
Mimi naomba nieleze yaliyonikuta maana hii ya kupeleka gari likaoshwe ndani inaniuma mpaka leo. Nilipeleka IST sehemu moja, sitaitaja, ilikuwa Julai na mnajua Julai yetu ilivyo, asubuhi unapuliza moshi mdomoni. Vijana hawakutoa hata siti moja, wakapiga maji ya presha humo humo ndani, wakapangusa juu kwa taulo, wakapulizia manukato, nikakabidhiwa gari linang'aa nikalipa. Juu pakavu kabisa. Sasa chini ya kapeti za hizi gari kuna yale matambara yaliyogandamizwa, mazito, yanakunywa maji na hayaachii. Jua la hapa halikutosha na gari nafunga vioo usiku. Uvundo ukaanza, vioo vinaweka ukungu kila asubuhi, baadaye taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikawaka. Fundi umeme alipofunua chini ya siti ya dereva tukakuta maji yametuama, soketi ya waya imeota kutu ya kijani. Nililipia usafi nikaja kulipia umeme, na wale vijana nilipowarudia wakaniambia gari lilikuja hivyo hivyo. Kama hawatoi siti na kapeti mbele ya macho yako, usiwape funguo.

Spana14
Hapo umesema kweli. Siti za Toyota nyingi unazitoa kwa spana ya boksi namba 14 tu, boliti nne kila siti. Ila ukikuta soketi ya njano chini ya siti usiichomoe kabla hujatoa waya wa negativu kwenye betri na kusubiri kidogo, hiyo ni laini ya eabegi.

Kijana wa Isyesye
Samahanini wakuu. Ni Noah ya zamani, SR40. Aliyeniuzia alikuwa anabeba maziwa kutoka Tukuyu. Na mbele kwenye miguu ya abiria kuna unyevu.

Fundi Siti Mwanjelwa
Maziwa! Ungeanza na hilo. SR40 injini iko chini ya siti za mbele, joto linapanda, maziwa yanachacha kila ukiwasha. Usimwage maji ya moto, yanagandisha maziwa kwenye nyuzi. Maji ya baridi kwanza, halafu siki iliyochanganywa na maji. Kapeti ya juu itapona, ila yale matambara ya chini palipomwagika kata tupa, weka mengine. Kapeti ya mtumba kwa hizo Noah nayo angalia, nyingi zilibeba mizigo kama hiyo hiyo.

Mzee wa Uwemba
Mnakimbilia sabuni, na unyevu je? Kijana, gusa huo unyevu kwa kidole. Ukiteleza na kunukia utamu utamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, hita inavuja. Yakiwa maji matupu, angalia mpira wa mlango, au majani yameziba njia ya maji chini ya waipa, au bomba la maji ya AC. Ukifua leo bila kuziba, mvua ya kwanza unarudi pale pale.

Dereva wa Mbalizi
Hita ikivuja watu wanairuka, wanaunganisha mipira basi.

Mzee wa Uwemba
Iruke ukiwa Dar. Huku Njombe asubuhi ya Juni bila hita kioo huoni, utaua watu.

Mama Pacha Iringa
Mzee amesema. Na zile mati za mpira mtoe, zinafunika unyevu, kapeti inaoza na bodi inashika kutu chini.

Kijana wa Isyesye
Ndaga fijo wote. Nimegusa, kama panateleza lakini sina hakika na harufu maana maziwa yamefunika kila kitu. Kesho naenda kwa fundi apime presha ya rejeta kwanza.

Spana14
Ukishafunua piga picha ya bati la chini tuone kutu. Halafu Fundi Siti, hayo matambara ya chini unauza kwa mita? Nina Probox imeisha nyuma kote.

Fundi Siti Mwanjelwa
Yapo mkuu, ila njoo na gari, Probox zinatofautiana.