Dawa ya mtoto haina namba ya toleo: hapa Kigoma tunauziwa nini?

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Jana jioni nimeingia duka moja la dawa pale Mwanga, mwanangu anakohoa. Muuzaji kachukua chupa ya syrup iliyokwisha funguliwa, kanimiminia nusu kwenye kichupa cha plastiki kisicho na lebo, kaandika kwa peni "5ml x 3". Hela ya chupa nzima ninayo, hata sikuulizwa! Nikasema naomba namba ya toleo (batch, yaani kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya kuisha. Jibu: "Mama, unataka dawa au unataka karatasi?" Wateja wakacheka.

Ndiyo, nataka karatasi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu syrup nne zilizotengenezwa India na kukutwa Gambia. Watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kufeli. Ndani mlikuwa na daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani inayotiwa hata kwenye mafuta ya breki. Ni tamu, kwa hiyo mtoto hakatai. Oktoba 2025 yakajirudia India kwenyewe, jimbo la Madhya Pradesh, watoto zaidi ya 20.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Aprili 2024 Nigeria ilipima toleo moja la syrup ya watoto ikakuta kemikali hiyohiyo, nchi kadhaa ikiwemo Tanzania zikaagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Toleo hilo tu, si syrup zote, na linajulikana kwa namba iliyo kwenye boksi na lebo. Sasa boksi lilishatupwa, lebo imebaki dukani, mimi niko nyumbani Gungu na kichupa changu. Tangazo likisomwa redioni nitajuaje kwamba ni hiyo ninayomnywesha?

Vidonge ni yaleyale: wanakata kwa mkasi, kipande chenye namba kinabaki kwao. Kapsuli za amoksilini zinachotwa kwenye kopo kwa mkono uliotoka kushika noti. Ukiomba risiti unaangaliwa kama mtu wa TRA.

Wafamasia mliomo humu: sheria inaruhusu kummiminia mtu dawa namna hii? Kichupa nikipeleke TMDA, mamlaka ya dawa, au kwa mganga mkuu wa wilaya? Pole zenu nazijua, wekeni majibu.